China Yangu Ilikuwa Kando ya Mto Rufiji

Wasomaji wenzangu, nina miaka arobaini na tatu na nauza mabegi ya kike Kariakoo, Mtaa wa Narung'ombe. Sina mume, nilikuwa naye tukashindwana. Sina mtoto. Nilichokuwa nacho duniani ni mama yangu mzazi, mdogo wangu Rukia, na fremu moja ya duka yenye mlango wa chuma. Leo mama hayupo. Rukia yupo, ila akinisemesha ni kwa shida. Mlango wa chuma ndio pekee unaonifungukia kama zamani.

Mimi ni mtu wa kuhesabu mara mbili. Dazeni ya mabegi naihesabu mbele ya aliyeileta, halafu naihesabu tena akishageuka. Ukinitajia bei, hata ya kiberiti, nashtuka kama nimeguswa na umeme, ndiyo kazi. Hakuna aliyewahi kunipunja bei Kariakoo nzima. Nasema haya msije mkadhani aliyewaandikia ni mjinga. Ujanja ninao. Ujanja ndio ulionifikisha hapa...

Mtaani naitwa Dada China. Mara mbili kila mwaka nilikuwa naenda Guangzhou na wenzangu kuchagua mzigo. Ukweli ni kwamba siku hizi mzigo unauagiza kwa simu ukiwa umekaa kwenye kigoda chako. Wakala wa kule anakutumia picha, unachagua, kontena linakuja. Lakini mteja wa Kariakoo hataki kusikia hivyo. Anataka aambiwe kwamba begi hili nimelishika mimi, zipu yake nimeivuta mimi, kule kule. Ukiacha kusafiri, haipiti wiki maneno yameshafika Mtaa wa Congo kwamba yule dada kafilisika. Nimeona wenzangu wakikimbiwa hivyo hivyo, na mabegi yao yalikuwa mazuri kuliko yangu.

Safari ya mwisho, yule bwana aliyetushughulikia karatasi alikosea kujaza fomu yangu. Wenzangu tisa walipata viza. Mimi nikakosa. Niliambiwa zimebaki siku mbili tuondoke.

Na nilikuwa nimeshaagwa. Nyumbani kwetu Mchafukoge, ghorofa ya tatu, mama alikuwa ameita majirani wakanisomea dua. Sanduku langu lilifukizwa udi hadi nikaona aibu. Wateja kumi na saba walikuwa wameniandikia wanachotaka. Nikajiuliza, hivi mtu aliyeshasomewa dua ya safari anarudije sebuleni kusema safari haipo?

Anarudi kwa miguu yake na anasema. Leo najua.

Siku ile sikujua. Kuna mteja wangu mmoja anayepeleka watalii porini, aliwahi kunisimulia kijiji cha utalii kando ya mto Rufiji. Vibanda vya makuti, taa za jua, chakula cha kijijini, ndege wa kila rangi. Akasema wazungu wanalipa kuja kusikiliza kimya. Nilimcheka sana, nikamwambia Kariakoo tungekiuza hicho kimya tungekuwa matajiri. Sasa nikampigia mwenyewe kuuliza njia.

Mpango wangu ulikuwa hivi. Nijifiche kule siku kumi. Mzigo niuagize kwa simu. Wenzangu wakirudi, na mimi nirudi. Nani angejua? Wenzangu nao nilishawaambia viza yangu imechelewa tu, nimepata nafasi ndege nyingine, tutaonana huko huko, na Guangzhou ni kubwa, watu hupishana. Niliupitia mpango huo mara mbili sikuona ulipotoboka.

Rukia alitaka kunisindikiza uwanja wa ndege. Nikamwambia foleni itamchosha, abaki na mama. Teksi ikanishusha Mbagala. Nikapanda basi la Kibiti, nikashuka, nikapanda bodaboda na sanduku langu la magurudumu mapajani, na mwisho mtumbwi. Toka nyumbani hadi ng'ambo ile ni saa tano. Ziwekeni akilini hizo saa tano.

Mwenye kusimamia kijiji ni mama mmoja wa makamo, Bi Mwanaidi. Nikamwamkia, akaitika, akaniuliza nakaa siku ngapi.

"Kumi," nikasema.

"Kumi? Wageni huku wanakaa mbili."

"Ndiyo maana nataka bei ya jumla."

"Hapa hatuuzi mitumba, mdogo wangu."

Tulivutana mpaka Seleman, mwenye mtumbwi, akaketi chini kutazama. Nilitoka na siku kumi kwa bei ya sita, chakula cha jioni juu yake, na neti ya pili kwa sababu ya kwanza ilikuwa na matundu manne. Bi Mwanaidi akasema watu wa Kariakoo tuna roho ngumu. Nilifurahi kweli. Sikujua kwamba nimejinunulia jela, tena kwa jumla.

Nisiwaponde, mahali penyewe ni pazuri kwa aliyependa kwenda. Kibanda kimesimama juu ya magogo. Mbele ni mto, nyuma ni matete marefu kuliko mtu. Choo ni shimo na ndoo ya majivu. Kuoga ni ndoo na kata. Mlango haukuwa na komeo, ulifungwa kwa kamba, na bado nilikuwa sitoki. Jua likianza kuzama ni marufuku kutembea, viboko wanapanda kula majani. Njia ya kuondoka ni moja tu, mtumbwi wa Seleman, nao ikishafika saa kumi na mbili jioni unafungwa.

Kulikuwa na mzungu na mkewe, wazee, wanakaa kizingitini asubuhi hadi jioni na darubini zao hawasemi neno. Walikaa kimya kwa kupenda. Mimi nilikaa kimya kwa sababu nikifungua mdomo nasikika niko Rufiji. Siku ya tatu wakaondoka, nikabaki mgeni peke yangu. Nilihesabu mbao za sakafu yangu nikapata ishirini na saba. Nikarudia nikapata ishirini na sita. Nilishinda siku nzima naitafuta ile iliyopotea.

Simu ilikuwa inashika sehemu moja tu, juu ya kichuguu nyuma ya jiko. Bi Mwanaidi alikuwa ameweka kigoda pale juu. Mimi, Dada China, nikawa napanda kichuguu mara mbili kwa siku kuwa China. Kabla ya kubonyeza nilijumlisha saa tano, maana wenzetu kule wametutangulia. Huku ni asubuhi, mimi nasema nimetoka kula cha mchana. Simu za video, za kuonana uso kwa uso, nilizikwepa kwa kusema mtandao wa kule wameufunga, na hilo lilikuwa kweli, ila halikunihusu.

Siku ya nne jogoo wa Bi Mwanaidi akawika katikati ya maongezi.

"Dada, huko China kuna majogoo?" Rukia akaniuliza.

"Tele. Wanafuga mpaka juu ya maghorofa."

"Makubwa! Na wanawika Kiswahili hivyo?"

Tulicheka wote. Mama akaichukua simu. Mama yangu alikuwa na miaka sabini na moja, ana presha na sukari, na kila safari yangu alikuwa anaihesabu kama yeye ndiye aliyeko angani. Akaniuliza kama kuna baridi. Nikamwambia ipo kali.

"Basi vaa soksi, mwanangu. Usikae na miguu wazi."

Jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni. Nikamjibu nimevaa, mama, nimevaa mbili mbili...

Siku ya sita, saa nne asubuhi, nikapanda kichuguu nikakuta Rukia amenipigia mara kumi na moja. Nilimpigia, akawa analia. Mama alianguka bafuni alfajiri. Yuko hospitali, upande mmoja umelegea. Anaongea kwa tabu, lakini anaongea, na neno analorudia ni jina langu. Anauliza niko wapi.

Nikahesabu. Saa nne, ongeza tano, saa tisa alasiri niko kando ya kitanda cha mama. Nikahesabu tena, nikapata ile ile saa tisa.

Halafu nikahesabu hesabu nyingine. Kutoka Guangzhou mpaka Dar, na kubadilisha ndege Uarabuni, hata mtu akimbie vipi hafiki chini ya siku nzima. Nikitokea hospitali saa tisa na sanduku, nitasema nimekuja na nini? Wateja kumi na saba watajua. Majirani walioniombea watajua. Baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, ambaye hana simile na uongo, atajua.

Nikamsikia mtu anamwambia Rukia kwamba amepata ndege ya usiku huu, atatua kesho saa nane mchana. Mtu huyo alikuwa mimi. Rukia akashukuru. Akanisifu kwa kuwahi kupata tiketi. Nikamsikia anamwinamia mama anamwambia, dada anakuja kesho. Sikusikia mama alijibu nini.

Nilipogeuka, Bi Mwanaidi alikuwa amesimama chini ya kichuguu na sufuria mkononi. Alikuwa amesikia yote. Sikuona dharau usoni mwake, na afadhali ningeiona.

"Mdogo wangu, mambo yenu ya mjini mimi siyajui," akasema. "Lakini mama ni mama. Mtumbwi uko pale, Seleman yuko pale. Twende nikubebee sanduku."

"Siwezi, Bi Mwanaidi. Niko China."

Alirudi jikoni. Nami nikakaa pale juu kwenye kigoda nikiutazama mto, upana wake hata dakika kumi za kasia hazifiki... Nani alinifunga? Hakukuwa na askari, hakukuwa na ukuta. Seleman alikuwa amelala ndani ya mtumbwi wake na kofia usoni, angeamka kwa kuitwa mara moja. Nilikaa siku ile yote bila kumwita.

Saa kumi na moja jioni simu ikaita. Aliyepiga ni baba mkubwa, nikajua kabla ya kupokea.

Mama alikuwa amefariki saa kumi.

Sitaandika nilivyolia. Nilishuka kichuguu kwa makalio, nikapanda tena, maana simu ilikuwa imekatika na baba mkubwa alikuwa hajamaliza. Alikuwa anataka kupanga maziko. Kwa leo jua limeshakwenda, akasema, atazikwa kesho. Yeye alipenda iwe baada ya adhuhuri ili watu wakutane msikitini. Akaniuliza, ndege yako inatua saa ngapi?

Wasomaji, hapo ndipo nataka mnisikilize vizuri. Jioni ile nisingepata basi, lakini mtumbwi wa kwanza wa kesho unavuka saa kumi na mbili asubuhi. Jumlisha tano. Saa tano asubuhi ningekuwa Mchafukoge. Mimi ni binti mkubwa wa mama. Kwetu binti ndiye anayemwosha mama yake, ndiye anayemmiminia maji ya mwisho na kumfunga kitambaa cha kidevu. Waosha maiti wanamsimamia tu, mikono ni ya mtoto. Mama alimwosha bibi. Bibi alimwosha mama yake. Nilichotakiwa kusema ni sentensi moja. Baba mkubwa, nipo Rufiji, nisubirini hadi saa tano. Wangenisubiri. Angenitukana kwanza, halafu angenisubiri.

Nikasema, "Saa nane mchana, baba."

Akasema kama hata adhuhuri siiwahi basi hakuna sababu ya kumchelewesha marehemu kwa ajili ya mtu aliyeko angani. Watamzika saa nne asubuhi.

Mimi niliyemvuta Bi Mwanaidi siku kumi kwa bei ya sita, nikaanza kupatana na baba mkubwa juu ya mama yangu. Nikamwomba saa nane na nusu. Akasema hapana. Nikamwomba saa nane hiyo hiyo, nije moja kwa moja. Akaniambia, binti yangu, hii siyo biashara.

Rukia akachukua simu. Aliniuliza kitu kimoja tu kwa sauti ndogo.

"Dada, sasa mama nitamwosha na nani?"

Nikamwambia na majirani...

Asubuhi Seleman alinivusha. Bi Mwanaidi hakudai chochote wala hakunilaumu, alinifungia mihogo ya kuchemsha kwenye gazeti, akaniambia pole. Saa nne asubuhi, wakati jeneza linatoka, basi letu lilikuwa limesimama Mkuranga, kondakta anagombana na abiria juu ya kuku. Nilitazama saa nikatazama tena.

Saa tano na dakika kumi nilikuwa Mbagala. Hapo mngedhani nilikimbilia nyumbani. Sikwenda nyumbani. Ndege yangu ilikuwa haijatua bado.

Nilichukua bajaji mpaka jirani na uwanja wa ndege, nikaingia mgahawa mmoja, nikaagiza chai. Nilikaa pale na sanduku langu karibu saa tatu. Mama yangu ameshafukiwa, na mimi nasubiri saa nane ifike ili nimlilie kwa wakati unaoaminika. Mhudumu alikuja mara mbili kuniuliza kama chai ina kasoro, maana nilikuwa sijainywa. Kila ndege ilipopita juu nilimsikia mtu mmoja meza ya jirani akimwambia mwenzake, hiyo inatoka Dubai. Saa nane na nusu nikaita teksi, ya uwanja wa ndege kabisa, nikamwambia dereva asimame mlangoni ili wamwone.

Waliniona. Wanawake walishuka ngazi hadi chini kunipokea. Walinibeba. Nilimsikia shangazi mmoja akisema, jamani mtoto kavuka bahari usiku kucha kumfuata mama yake. Walinikalisha karibu na Rukia, wakanipa maji kabla ya wote, wakanivua viatu, wakanipepea. Mwenzao nimechoka na safari ndefu. Kuna adhabu ninazozijua, ila kupepewa kule sijaona mfano wake.

Siku tatu za matanga nilikaa kwenye mkeka nikisifiwa. Nilifikiri nikitoka Rufiji nitakuwa nimetoka kifungoni. Kumbe kile kibanda nilihama nacho. Kila aliyekuja kutoa pole alinitaja nilikotoka, na kila mara nikaitikia. Niliposema asante, nilikuwa nafunga kamba ya mlango upya.

Mzigo ulifika, ukauzika wote. Wateja wote kumi na saba waliridhika. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama zipu nilizivuta mwenyewe.

Arobaini ya mama ilipokaribia, nikashindwa. Rukia alikuwa chumbani kwa mama anakunja kanga za kugawa. Nikakaa chini nikamwambia yote, toka viza mpaka chai ya uwanja wa ndege. Sikuruka kitu. Yeye aliendelea kukunja, hakunitazama. Nilipomaliza akachukua kanga nyingine.

"Ile asubuhi nilipokupigia," akasema. "Saa nne. Ulikuwa unaweza kufika?"

"Ndiyo."

"Saa ngapi?"

"Saa tisa."

Akaiweka kanga chini.

"Saa tisa mama alikuwa anaongea, dada. Alikuwa anaongea vizuri kuliko asubuhi. Alikuwa anauliza kama umevaa soksi."

Akainuka akatoka. Toka siku hiyo tunasalimiana. Ananipigia kunijulisha kodi ya nyumba na bomba likiharibika. Baba mkubwa hajui, Rukia hajamwambia. Amesema hiyo kazi ni yangu, na ana haki. Nitaifanya. Karatasi hizi nitampelekea baba mkubwa kwanza kabla hazijawafikia ninyi, ili akichukia achukie akiwa amenisikia kwa mkono wangu mwenyewe.

Fremu bado ninayo. Mteja akiniuliza siku hizi, namwambia mzigo nimeuagiza kwa simu, nimekaa hapa hapa kwenye kigoda. Wapo waliohama. Waliobaki nimewahesabu, mara moja tu, wananitosha.

Sina cheo cha kumfundisha mtu. Ila najua wapo kati yenu ambao leo hii mnasemekana mko mahali msipokuwepo. Mwingine ameaga anakwenda semina, mwingine yuko kazini ambako alishafukuzwa, mwingine yuko masomoni ambako hajawahi kuandikishwa. Mmepanga vizuri, mmehesabu, mmeona hakuna anayeumia. Na mimi niliona hivyo. Kitu ambacho hesabu yangu haikukishika ni kwamba nyumbani watu wanaendelea kuugua na kuanguka bafuni bila kuangalia ratiba yako ya uongo.

Nawaombeni, kama ndugu. Ukitoka, hata kama unakokwenda ni aibu, mwachie mtu mmoja ukweli wa ulipo. Na mzazi wako akikuulizia uko wapi, mjibu ulipo, kisha anza safari.